Uchafu Kwanza, Chupa Baadaye: Mwongozo wa Kuchagua Visafishaji na Vilainishi vya Silaha

Silaha ya moto, iwe ni bastola ya mlinzi, shotigani ya mkulima anayefukuza nguruwe mwitu shambani, au raifoli ya askari wa wanyamapori, ni mashine ya chuma inayobeba mizigo miwili isiyofanana: kwa muda mfupi sana hupigwa na joto kali, mgandamizo wa gesi na mabaki ya kemikali, kisha hukaa kabatini wiki au miezi ikipambana na unyevu, chumvi na jasho la mikono. Kimiminika kinachofaa kwa mzigo wa kwanza mara nyingi hakifai kwa wa pili, na ndiyo maana mmiliki anayenunua chupa kwa sababu tu ameisikia ikisifiwa, bila kujua inayeyusha nini na inaacha nini nyuma yake, anaweza kuipaka silaha kila wiki na bado akaikuta imeota kutu ndani ya mtutu. Mwongozo huu unashikilia kwamba uteuzi wa kisafishaji au kilainishi hauanzii kwenye rafu ya duka, bali kwenye maswali mawili: ni uchafu wa aina gani uliobaki ndani ya silaha, na ni hewa ya wapi itakayoizunguka wakati imehifadhiwa.

Maelezo yanayofuata yanamhusu mtu anayemiliki au aliyekabidhiwa silaha kwa mujibu wa sheria ya nchi yake, kama vile Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 nchini Tanzania au Sheria ya Silaha, Sura ya 114, nchini Kenya. Kabla ya chupa yoyote kufunguliwa, magazini huondolewa, chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inayopokea ganda la risasi, hufunguliwa na kukaguliwa kwa macho na kwa kidole, na risasi zote hupelekwa chumba kingine. Hatua hiyo ni ya kulinda uhai kwanza, lakini ina sababu ya kikemia pia, kwa kuwa viyeyushi na mafuta mepesi hupenya taratibu kwenye ukingo wa fataki, kile kijikofia kilicho kwenye kitako cha ganda ambacho hugongwa ili kuwasha baruti, na fataki iliyolowa inaweza kukataa kuwaka siku inapohitajika.

Kazi nne zisizofanywa vizuri na chupa moja

Vimiminika vinavyotumika katika utunzaji wa silaha hufanya kazi nne. Ya kwanza ni kuyeyusha au kulegeza uchafu. Ya pili ni kulainisha, maana yake kuweka utando mwembamba kati ya vyuma viwili vinavyosuguana ili visilane. Ya tatu ni kukinga chuma dhidi ya kutu. Na ya nne ni kufukuza maji yaliyokwisha kuingia. Kiyeyushi kizuri ni chepesi, hupenya kwenye vinyweleo na nyufa, na mara nyingi huvukiza haraka, ilhali kilainishi kizuri kinatakiwa kubaki mahali pake hata chuma kinapopata moto, na kikinga kutu kizuri kinatakiwa kung'ang'ania juu ya chuma kwa miezi. Sifa hizi zinavutana. Kadiri kimiminika kinavyoweza kuondoa mafuta na masizi, ndivyo kinavyokiacha chuma kitupu na wazi kwa unyevu, na mmiliki anayemaliza usafi kwa kiyeyushi bila kupaka mafuta baadaye ameiacha silaha katika hali mbaya kuliko alivyoikuta.

Jeshi la Marekani lilijaribu kuupatanisha mvutano huo kwa kuweka masharti ya kitaalamu ya kimiminika kinachosafisha, kulainisha na kukinga kwa pamoja, ambacho hadi leo hujulikana kwa herufi CLP na huuzwa na kampuni nyingi chini ya majina tofauti. Kwa askari wa doria aliye mbali na ghala lake, chupa ndogo ya CLP ni chaguo la busara kuliko chupa tatu ambazo hatazibeba. Hata hivyo, maafikiano yana gharama: CLP huyeyusha masizi polepole kuliko kiyeyushi halisi, haigusi sana shaba iliyoganda kwenye mtutu, na ulinzi wake dhidi ya kutu hauwezi kulinganishwa na ule wa mafuta mazito yaliyotengenezwa kwa ajili ya hifadhi ndefu. Inafaa kwa utunzaji wa kila siku. Haifai kutegemewa peke yake kwa usafi mkubwa wa mwisho wa msimu.

Kinyume cha CLP, WD-40 ni bidhaa ambayo karibu kila duka la vifaa Afrika Mashariki linayo na ambayo hutumiwa kwa kazi isiyo yake. Ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza unyevu, na mojawapo ya matumizi yake ya awali yalikuwa kulinda ngozi ya nje ya kombora la Atlas lisishike kutu. Kwa silaha iliyonyeshewa mvua au iliyotumbukia mtoni ni msaada wa haraka kwelikweli, kwa kuwa hupenya chini ya maji na kuyasukuma nje. Lakini sehemu kubwa yake ni kiyeyushi chepesi kinachoruka hewani, na utando unaobaki ni mwembamba mno kuhimili msuguano wa vyuma vyenye joto. Inapotumiwa mara kwa mara bila kufutwa, mabaki yake hujikusanya na kunata ndani ya mitambo midogo ya kifyatulio. Itumike kufukuza maji, ifutwe, kisha mafuta halisi yapakwe.

Chumvi, adui asiyeyeyuka katika mafuta

Kati ya mabaki yote ya ufyatuaji, yanayostahili kuelezwa kwa urefu zaidi ni chumvi, kwa sababu ndiyo yaliyoharibu mitutu mingi na ndiyo yasiyoonekana kwa macho. Fataki za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu, kemikali ambayo ikilipuka hubadilika kuwa kloridi ya potasiamu, chumvi iliyo jamaa wa karibu wa chumvi ya mezani. Chumvi hiyo husambaa katika mtutu wote, huvuta unyevu kutoka hewani, na ndani ya siku moja au mbili katika hali ya hewa ya Mombasa, Tanga au Zanzibar huanza kukitoboa chuma vijishimo. Watengenezaji wa Ujerumani walileta fataki zisizo na chumvi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1920, na jeshi la Marekani likabadilisha karibu risasi zake zote mwanzoni mwa miaka ya 1950, lakini risasi nyingi za akiba za kijeshi zilizotengenezwa Ulaya Mashariki na Uchina katika miongo iliyofuata ziliendelea kuwa na fataki za aina ya kale, na baadhi yake bado zinazunguka duniani katika makasha yaliyofungwa vizuri.

Jambo ambalo mmiliki anapaswa kulishika hapa ni kwamba chumvi haiyeyuki katika mafuta ya petroli wala katika viyeyushi vingi vinavyotokana nayo. Huyeyuka katika maji. Mtutu uliopakwa mafuta juu ya chumvi umefunikwa tu, na kutu huendelea kukua chini ya utando ule ule uliokusudiwa kuizuia. Jeshi la Uingereza lililijua hilo kwa vitendo, kwani askari wake wa zama za raifoli ya Lee-Enfield walifundishwa kumimina maji yanayochemka kupitia mtutu kwa kutumia faneli, kisha kuvuta kitambaa kikavu na hatimaye kitambaa chenye mafuta. Maji ya moto yana faida mbili: huyeyusha chumvi haraka, na hukipasha chuma joto kiasi kwamba unyevu unaobaki hukauka wenyewe. Utaratibu huo haujapitwa na wakati. Kwa silaha iliyofyatua risasi zinazoshukiwa kuwa na chumvi, maji ya moto yenye matone machache ya sabuni, yakifuatwa na kukausha kabisa na kupaka mafuta siku hiyo hiyo, yanashinda chupa yoyote ya bei kubwa. Katika bunduki zinazojiendesha kwa gesi, maji lazima yafike pia kwenye pistoni, kwenye silinda yake na kwenye uso wa bolti, kwa kuwa gesi ile ile yenye chumvi hupita huko, na mtutu uliopakwa kromu kwa ndani, kama ilivyo kwa bunduki nyingi za aina ya Kalashnikov, hauzikingi sehemu hizo.

Wanaopendelea kimiminika kimoja kwa kazi hii wana Ballistol, mafuta ya Kijerumani yaliyotokea mwaka 1904 kwa mahitaji ya jeshi la Kaizari, ambayo yana tabia adimu ya kuchanganyika na maji na kuwa kama maziwa. Yakichanganywa hivyo, maji hubeba chumvi, na yanapokauka mafuta hubaki juu ya chuma.

Baruti nyeusi ni habari inayokaribiana na hiyo. Gobole lenye kibali, pamoja na bunduki za kale zinazohifadhiwa na wakusanyaji, huacha masizi mazito kwa sababu zaidi ya nusu ya uzito wa baruti hiyo haigeuki kuwa gesi, bali hubaki kama chembe za chumvi za potasiamu, kaboni na salfa. Bunduki za Mauser za mfano wa mwaka 1871, ambazo askari wengi wa Schutztruppe, yaani jeshi la kikoloni, katika Afrika Mashariki ya Kijerumani bado walikuwa nazo vita vilipozuka mwaka 1914, zilitumia baruti ya namna hiyo, na moshi wake mzito ulikuwa ukimfichua mpigaji mahali alipo. Kwa uchafu huu pia dawa ni maji ya moto na sabuni, si kiyeyushi cha petroli; na watumiaji wenye uzoefu huepuka kuacha mafuta ya madini kwenye mtutu kabla ya kufyatua, kwa kuwa yakiungua pamoja na baruti nyeusi hugeuka ulimbo mgumu. Nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya mnyama hufanya kazi vizuri zaidi.

Masizi, shaba, madini ya risasi na plastiki

Baruti ya kisasa isiyotoa moshi, ambayo ilianzia Ufaransa mwaka 1884 kwa kazi ya Paul Vieille, huacha masizi machache zaidi, na kwa masizi hayo kiyeyushi cha kawaida cha petroli kinatosha. Hoppe's No. 9, iliyotokea Marekani mwaka 1903, ni mfano wa kale ambao bado unauzwa. Pale ambapo bidhaa kama hizo hazipatikani, mafuta ya taa ni mbadala wa kuaminika: hulegeza masizi, hayavukizi kwa kasi ya hatari, na hayali mbao wala rangi kwa urahisi, ingawa hayana kinga ya kutu na lazima yafutwe kabisa.

Shaba ni tatizo la raifoli zaidi kuliko la bastola. Risasi iliyovikwa shaba inapopita kwa kasi kubwa kwenye mifereji ya mzunguko iliyochongwa ndani ya mtutu huacha utando wa shaba, na utando ukizidi, shabaha hupotea. Viyeyushi vinavyoondoa shaba huwa na amonia au kemikali inayofanana nayo, na kitambaa kinachotoka na rangi ya buluu au kijani ni dalili kwamba kazi inaendelea. Dalili hiyo inaweza kudanganya, kwa sababu ncha ya shaba ya ufito wa kusafishia nayo huyeyuka kidogo na kutoa buluu ile ile, hata mtutu ukiwa safi. Msafishaji makini hutumia ncha ya nailoni kwa kazi hii. Kiyeyushi chenye amonia hakiachwi ndani ya mtutu kwa muda mrefu kuliko unaoelekezwa kwenye chupa, hakifikishwi kwenye sehemu zilizopakwa nikeli, kwa kuwa chini ya nikeli mara nyingi huwa na tabaka la shaba litakaloliwa, na kamwe hakichanganywi na jiki au dawa nyingine ya klorini, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Madini ya risasi hubaki katika bastola na katika bunduki ndogo za .22 zinazotumia risasi zisizovikwa shaba, na kwenye shotigani hujumuika na plastiki iliyoyeyuka kutoka kwenye kikombe kinachobeba vijirisasi. Kwa uchafu huu kimiminika peke yake hakiwezi mengi. Brashi ya shaba iliyolowekwa kwenye kiyeyushi, ikipitishwa kwa subira kutokea upande wa chemba pale silaha ilipoundwa kuruhusu hivyo, ndiyo inayofanya kazi, na kiyeyushi husaidia tu kubeba kilichong'olewa. Brashi au sufi ya chuma huepukwa ndani ya mtutu.

Kisa cha M16

Uhusiano kati ya aina ya uchafu na aina ya utunzaji haujawahi kuonyeshwa kwa gharama kubwa kama ulivyoonyeshwa Vietnam. Bunduki ya M16, iliyotokana na ubunifu wa Eugene Stoner, ilijaribiwa mwanzoni ikitumia baruti ya aina moja, kisha risasi zake zikabadilishiwa baruti nyingine, ya chembe za mviringo, iliyoacha masizi mengi zaidi na kuongeza kasi ya mwendo wa mitambo. Bunduki yenyewe hupeleka gesi ya mtutuni moja kwa moja ndani ya mwili wake, hivyo masizi hayo yalitua juu ya bolti. Chemba haikuwa na kromu, ingawa silaha ilikuwa inapelekwa kwenye nchi ya mvua na matope. Vifaa vya kusafishia vilikuwa haba. Na miongoni mwa askari ilienea imani kwamba bunduki hiyo mpya haihitaji usafi mwingi. Maganda yalikwama katika chemba zilizoota kutu, na wapo askari waliokufa mikononi mwao mkiwa na bunduki zilizokwama. Kamati ndogo ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na Richard Ichord ilichunguza jambo hilo mwaka 1967, na marekebisho yaliyofuata yalikuwa ya pande zote: chemba ya kromu, vifaa vya usafi, mafuta yanayofaa, na mafunzo, likiwemo kijitabu cha katuni cha mwaka 1968 kilichochorwa na Will Eisner ili askari kijana asome na aelewe.

Mmiliki wa kawaida hatapigana vita, lakini kanuni inamhusu moja kwa moja. Risasi zinapobadilika, kwa chapa, kwa nchi zilikotoka au kwa mwaka wa kutengenezwa, uchafu nao hubadilika, na utaratibu wa usafi uliotosha jana unahitaji kukaguliwa upya.

Mafuta au grisi, na kwa kiasi gani

Mafuta ya kulainishia hutofautiana kwanza kwa mnato, yaani kiwango cha uzito na ugumu wa kutiririka. Mafuta mepesi hufika kwenye pini na springi ndogo. Mafuta mazito hukaa vizuri kwenye sehemu pana zinazoteleza. Na grisi, ambayo ni mafuta yaliyoshikiliwa ndani ya aina ya sabuni, mara nyingi ya lithiamu, hubaki pale ambapo mafuta yangetiririka. Kanuni inayofaa kukumbukwa na mtu anayesimama mbele ya rafu ni kwamba kinachoteleza kwa nguvu na kwa uzito, kama reli za kitelezi cha bastola au bolti ya raifoli kubwa, kinaweza kupewa grisi laini kidogo, kinachozunguka hupewa mafuta, na mfereji wa pini inayogonga fataki huachwa karibu mkavu, kwa sababu mafuta yaliyoganda humo hupunguza nguvu ya pigo. Magazini kwa ndani huwa kavu kabisa.

Kiasi ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Tone moja lililosambazwa kwa kidole linatosha reli moja, na chuma kinachoonekana kung'aa kidogo bila kuchuruzika kimepata haki yake. Mtutu na chemba hufutwa vikauke kabla ya kufyatua, kwa kuwa mafuta mengi mtutuni huweza kupandisha mgandamizo kupita kiasi, na chemba yenye mafuta hulifanya ganda lisishike kuta zake, hivyo bolti hubeba mzigo wote.

Vumbi la Dodoma, Tsavo au Turkana huleta swali gumu zaidi. Mafuta hushika vumbi, na mchanga uliochanganyika na mafuta husaga chuma kama msasa. Wapo kwa hiyo wanaoshauri silaha iachwe kavu kabisa. Ushauri huo unafaa kwa nje ya silaha na kwa bunduki zenye nafasi kubwa kati ya vyuma vyake, lakini kwa silaha zilizobana, hasa zinazopeleka gesi ndani ya mwili, ukavu huleta kukwama mapema zaidi kuliko vumbi. Taarifa ya jeshi la Marekani kuhusu kikosi cha 507 cha matengenezo kilichoshambuliwa Nasiriyah tarehe 23 Machi 2003 ilieleza kwamba silaha nyingi ziligoma, na ikasema huenda chanzo kilikuwa utunzaji usiotosha katika mazingira ya jangwa. Jibu lililo salama ni mafuta kidogo mahali pa msuguano tu, mdomo wa mtutu kuzibwa vumbi safarini na kizibo kuondolewa bila kukosa kabla ya matumizi, na kusafisha kila siku badala ya kila wiki.

Vilainishi vikavu, kama grafiti na disalfaidi ya molibdenamu, havishiki vumbi na vinavutia kwa sababu hiyo. Grafiti ina kasoro moja isiyosemwa mara nyingi: ikikaa kwenye aluminiamu penye unyevu huchochea kuliwa kwa aluminiamu hiyo, na silaha nyingi za kisasa zina mwili wa aluminiamu. Katika ukanda wa pwani haifai.

Vinavyopatikana katika duka la kawaida

Mmiliki aliye mbali na mji mkubwa mara nyingi hukuta duka lenye mafuta ya cherehani, oili ya injini, grisi ya bearingi, mafuta ya taa na pengine mafuta ya giaboksi ya otomatiki. Hali hiyo si mbaya kama inavyodhaniwa. Oili mpya ya injini, hasa ile ya sinthetiki, imetengenezwa kuhimili joto na msuguano na ina viungo vya kuzuia kutu; ni kilainishi kizuri cha silaha kwa bei ndogo. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki ni mepesi zaidi na hupenya vizuri. Mafuta ya cherehani ni safi na yanafaa mitambo midogo, ila ni mepesi mno kuwa kinga ya muda mrefu, na kwa silaha iliyo Zanzibar au Lamu yatahitaji kurudiwa kila baada ya siku chache. Grisi ya bearingi inafaa kwa sehemu chache zenye mzigo, kwa kiasi cha punje ya mtama.

Vingine havifai kabisa. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ina asidi, chembe za chuma na kemikali zinazoweza kusababisha saratani, na kuipaka kwenye silaha ni kuurudisha uchafu wa injini ndani ya mtutu. Mafuta ya kula, yawe ya alizeti au ya mahindi, hushika oksijeni na kugeuka gundi. Ya nazi hukawia kugeuka, lakini huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, huchacha, na huvuta wadudu na panya. Mafuta ya breki huvuta maji kutoka hewani na kubandua rangi. Petroli husafisha haraka, lakini mvuke wake huwaka hata chini ya nyuzi sifuri, na cheche moja ndani ya chumba inatosha kuleta msiba. Dawa za kopo za kusafishia breki za gari huondoa mafuta yote vizuri sana, na kwa hiyo hufaa chuma kitakachopakwa mafuta mara moja. Hata hivyo baadhi yake huyeyusha plastiki na kuondoa rangi ya kitako, na zile zenye klorini zikigusa chuma chenye moto mkali huweza kutoa gesi ya sumu kali.

Kwa kuwa maandishi ya chupa huahidi yote, jaribio la nyumbani lina thamani kuliko tangazo. Vipande vya chuma kisicho na rangi, kama misumari mikubwa iliyopigwa msasa na kuoshwa mafuta kwa spiriti, hupakwa kila kimoja mafuta tofauti, kimoja huachwa kitupu kwa kulinganisha, na vyote huwekwa mahali pa wazi penye hewa ile ile itakayoikuta silaha. Kutu huharakishwa sana unyevu wa hewa unapopita takribani asilimia 60, kiwango ambacho pwani hukipita karibu mwaka mzima, na ndani ya wiki moja tofauti zitaonekana bila darubini. Mafuta yanayoshinda Arusha si lazima yashinde Dar es Salaam. Kwa plastiki na mbao, tone moja huwekwa mahali pasipoonekana na kuachwa hadi kesho yake kabla ya kimiminika kuruhusiwa kwingineko. Mbao za kitako hazipendi mafuta ya mashine, kwa kuwa huzilainisha na kuzitia weusi. Ndiyo sababu silaha yenye kitako cha mbao, baada ya kupakwa mafuta, husimamishwa kwa muda mdomo ukielekea chini juu ya kitambaa.

Silaha iliyokwisha safishwa haihifadhiwi ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hubeba unyevu na chumvi za kutengenezea, bali katika kabati lililofungwa kwa kufuli, penye vijifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, ambavyo hubadilishwa au kukaushwa kwa joto vikishajaa. Alama za vidole hufutwa kwa kitambaa chenye mafuta kila silaha inaposhikwa, hata kama haikufyatuliwa, maana jasho ni maji yenye chumvi.

Afya ya msafishaji na watu wa nyumbani mwake

Masizi ya mtutu mara nyingi hubeba madini ya risasi, si kutoka kwenye risasi peke yake, bali pia kutoka kwenye fataki nyingi za kisasa, na Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha madini hayo katika damu kinachojulikana kuwa salama. Watoto na wajawazito ndio wanaodhurika zaidi. Kwa hiyo silaha haisafishwi kwenye meza ya kulia wala jikoni. Husafishwa mahali penye upepo, kwa glavu za nitraili, mbali na jiko na sigara, na msafishaji hanawi kwa kugusisha maji tu, bali kwa sabuni na maji baridi, kisha hubadilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto. Vitambaa vilivyotumika huwekwa kwenye kopo la chuma lenye kifuniko, na vile vilivyotumiwa kupaka mafuta ya kitani kwenye kitako hutandazwa vikauke kwanza nje, kwa sababu vikirundikwa huweza kujipasha moto na kuwaka vyenyewe. Kiyeyushi kilichochafuka hakimwagwi mtaroni wala chooni. Huachwa kitulie ili masizi yashuke chini, kilicho safi juu kitumike tena, na mashapo yafungwe kwenye chombo na kupelekwa kwenye gereji au kituo kinachokusanya oili chafu kwa njia halali.